Beseni la Nyamal

Simu ya Achol ilinikuta darasani, nimewageuzia wanafunzi mgongo, chaki mkononi, nikieleza jambo ambalo hata mimi nilikuwa nimelichoka. Kila siku nawafokea wanafunzi wangu kwa kushika simu wakati wa kipindi, lakini nilipoona jina lake niliipokea palepale, na darasa zima likaguna kwa furaha. Achol si mtu wa kupiga simu. Yeye hutuma salamu za sikukuu na picha za watoto wake, basi. "Kiden," akasema, "Mama Rejina ametuacha." Nikasikia honi za bodaboda za Juba nyuma yake. "Sala ya arobaini itakuwa Sherikat, nyumbani kwake. Kuja. Wote wanakuja." Nikauliza kama mjinga, wote akina nani? "Aki Kiden, na kusoma kote huko! Wote ni wote." Alipokata simu niliwaambia wanafunzi kipindi kimekwisha, na mmoja wao akaniuliza kwa upole kama nimefiwa na mama. Nikajibu ndiyo. Kumweleza kwamba niliyempoteza ni kocha wa mpira wa kikapu aliyeuza samaki wakavu kungechukua muhula mzima.

Tangu siku hiyo nilikuwa naota mchana. Nasahihisha insha hapa Eldoret, baridi inanipiga miguuni, mara najikuta mtaa wa Munuki kule Juba, katika chumba changu cha mwaka ule kwa Mjomba Lado. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyoundwa kwa mbao za kreti za soda, na dirisha dogo lililotazama ua, ambamo mlikuwa na mwarobaini mmoja na jiko la Anti Jene, mke wake. Mjomba alikuwa fundi redio, na redio za watu zilimlalia kila mahali, nyingine tumbo wazi, nyingine zimepona na zinangoja wenyewe. Alizijaribu zote kwa pamoja. Kwa hiyo asubuhi niliamka na Kiarabu cha habari, Kiingereza cha mahubiri, na Kiswahili cha mtangazaji wa mpira kutoka ng'ambo ya mpaka, vyote vikipigana vikumbo juu ya kichwa changu, na katikati yao harufu ya karanga zinazochomwa. Sijawahi kulala vizuri hivyo tena. Siku hizi nyumba yangu ina utulivu ambao watu huulipia, nami nageuka kitandani hadi nachoka.

Mjomba alikuwa na mambo mawili dhidi yangu. La kwanza ni shahada yangu ya uzamili. "Watoto wa watu wanasoma udaktari," alikuwa akiwaambia wateja mbele yangu, "huyu wetu anasoma kusema. Kwani alikuja hapa bubu?" La pili ni kwamba nilikulia ng'ambo nikarudi sijui kuhesabu kwa Kibari, lugha ya kwetu. Hili lilimuuma kwelikweli. Tulikula wote kwenye sinia moja, ugali wetu wa asida katikati na kombo, mchuzi wa karanga, pembeni, na Mjomba akapitisha sheria: tonge halipandi mdomoni kabla halijapewa namba yake. Geleng, nikamega. Murek, nikamega. Kwenye musala nilikwama siku ya kwanza, mkono hewani, mchuzi ukinitiririkia kwenye kiwiko. "Ya Lado, mwache mtoto ale," Anti Jene akasema. "Mtoto? Huyu mtoto ana digrii!" Mjomba akajibu, akala tonge langu yeye mwenyewe. Nilikonda mwezi ule, wallahi.

Chuoni msimamizi wangu alikuwa Daktari Gore, mtu mfupi kama mimi, mwenye koti moja la kijivu na feni moja iliyozunguka ilipojisikia. Tulikaa ofisini kwake tukipiga soga kuhusu nadharia huku jasho likitudondokea kwenye karatasi. Nilimletea mada baada ya mada, naye alizitazama zote kama mtu aliyepewa chai baridi. Hatimaye nikamwambia nataka kuchunguza jinsi wasichana wa timu ya kikapu wanavyozungumza uwanjani, kwa kuwa mmoja amerudi kutoka Kampala, mwingine Nakuru, mwingine Khartoum, na kila mmoja ana lugha ya nyumbani kwake, na bado pasi inafika. Daktari akakaa wima. "Hilo zuri," akasema. "Lakini uende wewe. Mimi wale wasichana nawaogopa, wananitazama utosini." Nikanunua kinasa sauti kidogo sokoni, nikaenda uwanja wa saruji wa Nimra Talata kuchukua elimu yao kwa ustaarabu, nikidhani nitakaa kwenye kivuli.

Mama Rejina alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mwanamke mnene mwenye kipenga shingoni na kanga kiunoni. Mpira aliutoa kwenye gunia la samaki, maana mchana alikuwa akiuza samaki wakavu bandarini, na mpira wenyewe ulinuka samaki hadi mikono yetu ikanuka samaki hadi vitabu vyangu vya isimu vikanuka samaki. Kiswahili chake alikiokota Uganda alipokuwa mkimbizi, na alikitumia bila kukiogopa. Nikajitambulisha kwa maneno marefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa. Hapa haiko mtu ya kukaa bure. Shika mpira." Nikamwambia mimi ni mtafiti. "Mtafiti iko na mikono?" akauliza. Basi nikawa mchezaji, mbaya kuliko wote waliowahi kukanyaga saruji ile. Mwaka mzima nilifunga kikapu kimoja, tena nilikuwa nampa mtu pasi.

Nilichokwenda kuchunguza nilikipata mwisho wa mazoezi. Tulisimama duara, kila mtu mahali pake pa siku zote, tukaweka mikono juu ya mpira, na mmoja wetu akahesabu moja hadi tano kwa lugha ya mama yake, wengine wakimwitikia kila namba kwa sauti ya kupasua mapafu. Siku inayofuata ni zamu ya jirani yake wa kulia, na hivyo hivyo hadi duara linazunguka. Ndivyo Mama Rejina alivyofunga mazoezi, na hakuna aliyeondoka kabla ya kuhesabu. Kati yangu na Achol alisimama Nyamal. Achol alikuwa Mdinka aliyesomea Nakuru, mrefu hadi nilipozungumza naye nilizungumza na kiwiko chake. Nyamal alikuwa Mnuer, aliyeongoza mchezo wetu wote, mwembamba, mcheshi, mwenye Kiswahili cha mitaa ya Nairobi. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Walikula sahani moja ya maharage ya ful, walisukana nywele, na Achol alipomaliza kuponda karanga zake nyumbani alimletea Nyamal kopo. "Zimeungua tena," Nyamal alikuwa akisema, anakula hadi anaramba kidole.

Zamu yangu ya kwanza ilipofika nilihesabu kwa Kiswahili. Walicheka hadi wakaketi chini. "Mama yako alikuzaa sokoni?" Nyamal akauliza. Nikajitetea kwamba Kiswahili ndicho ninachootea ndoto, na mtu anayeota kwa lugha ana haki nayo. Mama Rejina akakubali moja hadi tano yangu, lakini akaninyooshea kidole: "Duara ikizunguka tena, utuletee ya kwenu." Nilipomsimulia Mjomba alifurahi kupita kiasi. Alianza kunifundisha kama bondia anayeandaliwa pambano. Nami nilikuwa na furaha yangu ya siri. Kwenye kinasa sauti niligundua kwamba Achol na Nyamal, wakihesabu, wanatofautiana sana kwenye moja tu. Kuanzia mbili ni kama dada wawili wanaoitana kutoka vyumba tofauti. Na nne ya wote hao, na ya Kibari chetu, na ya kabila la Waacholi, zote zinanukia jiko moja. Nikakimbia nayo kwa Daktari Gore. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akasema wanaisimu wanalijua hilo tangu zamani, niendelee kutafuta.

Siku moja nilimsindikiza Mama Rejina bandarini. Boti kubwa za mizigo zilikuwa zinatarajiwa kutoka kaskazini na samaki, na hakuna aliyejua kama zitafika siku hiyo au kesho. Gatini niliona mabeseni yamepangwa foleni, mekundu, ya bluu, lingine limebanduka ukingo, wala hakukuwa na watu nyuma yake. Wenyewe walikuwa wametawanyika, huyu ananyonyesha, huyu amekwenda kanisani, na mmoja, niliambiwa, alikuwa amekwenda kujifungua. Beseni lake lilikuwepo, la tatu kutoka mbele, lina jiwe ndani lisipeperuke. Nikauliza, je, mtu akilisogeza? Wanawake waliokuwa karibu wakanitazama kama nimetukana. Mama Rejina akaweka lake la kijani mwisho wa foleni, akapangusa mikono. "Hapa beseni ya mtu haiguswi," akasema. "Beseni iko, mtu iko." Tukaenda kunywa chai. Nakumbuka maji ya mto yalikuwa mazito na ya polepole, na mimi nilikuwa na usingizi mtamu wa mchana, na sikudhani nimejifunza kitu.

Jumamosi moja karibu na Krismasi Achol alihesabu. Zamu iliyofuata ni ya Nyamal, baada yake mimi. Nilikuwa tayari, geleng hadi mukanat bila kukwama, na Mjomba alikuwa ameahidi kuja kushuhudia. Jumapili jioni bunduki zikaanza kulia. Sitaeleza siku zile zote, wapo waliozieleza, na mimi mwenyewe niliziona kutokea chini ya kitanda. Tulilala hapo mchana kutwa, mimi, Anti Jene na Mjomba, redio zote zimezimwa kwa mara ya kwanza. Mizinga ilipolia upande wa kambi za jeshi, Mjomba akanong'ona, "Hiyo ni buker. Sita. Rudia." Anti Jene akamwambia amechanganyikiwa. "Anataka kuhesabu, ahesabu," Mjomba akasema. Mpaka leo namba za Kibari baada ya tano nazijua vizuri, na sizipendi.

Mji ulipotulia tulijua nani yuko wapi. Watu walikuwa wamesimamishwa njiani na kuulizwa maswali kwa lugha, na jibu lilipokuwa na lafudhi isiyotakiwa, ya Kinuer, basi. Mimi niliyekuwa nikiita lafudhi utajiri wa mzungumzaji, nilikaa na kinasa sauti changu mapajani nikaona aibu ya taaluma yote. Nyamal na mama yake walikuwa wamekimbilia kambini, upande wa Jebel, ambako walinzi wa amani wa kigeni waliwawekea uzio. Achol alikuwa mjini, lakini kaka yake aliuawa na wapiganaji wa Kinuer mjini Bor, vita vilipofika huko. Alikuja mazoezini tulipoanza tena, amenyoa nywele. Alicheza kwa nguvu, hakusema na mtu. Mwisho tukasimama duara, na kati yake na mimi pakawa na pengo. Mchezaji mmoja akasema, "Basi Kiden ahesabu." Nikafungua mdomo. Mama Rejina akapuliza kipenga. Akaenda kwenye gunia lake, akatoa lile beseni la kijani, akaliweka chini kwenye pengo. "Zamu ni ya Nyamal," akasema. "Beseni iko, mtu iko. Tunangoja."

Tukaweka mikono juu ya mpira, tukanyamaza. Ilikuwa ni kimya cha urefu wa kuhesabu hadi tano. Halafu akatuambia twende nyumbani. Ikawa hivyo kesho yake na keshokutwa. Siku ya nne Achol hakunyoosha mkono. "Mama," akasema, sauti imekauka, "toa hiyo beseni. Watu wake wameniulia kaka. Toa, ama mimi niende." Mama Rejina hakumkaripia. Alimtazama kwa huruma hadi mimi nikatazama pembeni. "Kaka yako nimelia yeye," akasema. "Nyamal haijaua mtu. Beseni ya mtu mimi haitoi. Ya Nyamal haitoi, na yako, ukienda, nitaweka." Achol akachukua mfuko wake akaondoka, akipita katikati ya uwanja kwa hatua zake ndefu. Kesho yake kulikuwa na mabeseni mawili kwenye saruji ile, la kijani na la bluu, ubavu kwa ubavu. Mimi nilisimama pembeni yake na mpira ukiwa mzito mikononi. Niseme ukweli, nilidhani timu imekufa.

Nilipeleka kanda zangu kwa Daktari Gore, ambaye alirudi chuoni na koti lake la kijivu wakati wenzake wengi walikuwa wamekwishavuka mpaka. Akasikiliza mazoezi mazima, kelele, matusi madogo, viatu vikilia, halafu kile kimya. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Hapa mashine imekufa?" akauliza. Nikamweleza. Akavua miwani, feni ikachagua wakati ule kuzunguka, karatasi zikaruka, na hatukuziokota. "Sasa utakiandikaje?" akasema. "Maneno unayanukuu. Kimya unakinukuuje?" Tulibishana juu ya jambo hilo mchana wote, tukifurahi kama watoto, na nje ya dirisha askari walikuwa wamekaa chini ya mti wakichemsha chai. Mwishowe tukakubaliana niache nafasi tupu kwenye ukurasa, na maelezo chini. Wapo waliosoma tasnifu ile wakadhani wino uliisha.

Nyumbani Mjomba alikuwa hanitazami usoni. Alitaka nihesabu. Kila jioni aliuliza kabla ya kula: "Leo?" Nikajibu bado, Nyamal hajarudi. "Na akikosa kurudi?" Swali hilo likakaa kwenye sinia pamoja nasi. Nilikuwa naliogopa kuliko yeye. Kama Nyamal asingerudi, pengo lile lingebaki hivyo maisha yetu yote, na kama tungeliziba tungekuwa tumemzika akiwa hai. Anti Jene alisema mara moja tu, akikoroga asida, kwamba yule mwuza samaki ana kichwa kigumu na Mungu amzidishie. Mjomba akaguna. Tangu jioni ile hakuniuliza tena, akaacha nile bila namba.

Mvua za kwanza zilipoanza, Achol alirudi. Hakuna aliyemwita. Tulikuwa tunakimbia kuzunguka uwanja, mara nikaona kivuli kirefu kinakimbia pembeni yangu. Alicheza kama zamani, akanipiga kiwiko kama zamani. Mwisho tukasimama duara, na yale mabeseni mawili yako chini. Akalitazama la bluu muda mrefu. "Hii ni yangu?" akauliza. "Yako," Mama Rejina akasema. Akainama, akaliokota, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akampa kocha, kisha akasimama mahali pake, karibu na lile la kijani. Aliweka mkono juu ya mpira. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, nami nililia pia, na mpira ukanuka samaki na chumvi. Hakusema amesamehe. Mpaka leo sijamsikia akilitumia neno hilo.

Ruhusa ya kuingia kambini kumtembelea mtu ilipatikana mchana. Tulikwenda watatu, mimi, Mama Rejina na gunia lake. Achol hakuweza kuingia mle, na hakujidai kwamba anaweza, lakini asubuhi alifika Munuki na kopo mkononi. "Mpe. Usiseme ni mimi." Kambini matope yalitufika kwenye vifundo vya miguu. Mahema yalisongamana, na moshi wa majiko ulikuwa mzito. Tulimkuta Nyamal anawafundisha wasichana wadogo kudunda mpira wa matambara, ambalo ni jambo lisilowezekana, naye alikuwa anawagombeza kwa nini haudundi. Amekonda. Alipotuona alimrukia Mama Rejina shingoni, wakayumba wote wawili. Tukaketi kwenye mkeka. Akafungua kopo, akachovya kidole, akaonja. "Zimeungua," akasema polepole, na uso ukambadilika. "Anaendeleaje?" Nikasema kaka yake amekufa. "Najua," akasema. Halafu akauliza swali ambalo niliona alikuwa amelibeba muda wote, akijifanya anatazama mbali: "Na ile zamu yangu, ilipita?"

"Haijapita," Mama Rejina akasema. "Beseni yako iko." Nikamweleza yote, jinsi tunavyoweka mikono na kunyamaza, mazoezi baada ya mazoezi. Alicheka akiwa ameziba mdomo, akalia, akacheka tena. "Wazimu nyinyi!" Mama Rejina akatoa mpira kwenye gunia, akauweka kwenye mkeka kati yetu. "Hesabu sasa," akasema, "tupeleke." Nyamal aliweka mikono yote miwili juu yake. Akafumba macho. Watu wake walikuwa wanapita, wanaitana kwa lugha yake, na hakuna ambaye angegeuka kumtazama. Akaitoa mikono. "Hapana, Mama. Hapa kila mtu anahesabu hivyo, hata mbuzi. Mimi nataka nihesabu pale pale, kwa saruji, Achol akiwa hapa." Akaonyesha ubavu wake wa kushoto. "Niwekeeni." Mama Rejina akaurudisha mpira kwenye gunia, na njia nzima ya kurudi alinishika mkono kwa nguvu.

Mwaka wangu wa Juba uliisha kabla ya mvua kuisha. Tasnifu ilipita, Daktari Gore akanipa koti lake nivae siku ya kuitetea, likanitosha kabisa, na Mjomba Lado akawaambia wateja kwamba yule wetu sasa anajua kusema. Nikavuka mpaka wa Nimule. Vita havikuisha, vilikwenda na kurudi. Nyamal na mama yake wakaondoka kambini kwenda Kakuma, Kenya, bila kupita uwanjani, kwa kuwa hawakuthubutu, na baadaye akaolewa huko. Timu ikatawanyika. Mjomba akafariki, Mungu amrehemu, redio moja ikiwa wazi mezani. Nami nikawa mtu wa kusahihisha insha. Kila nilipohesabu kitu kwa sauti, hata wanafunzi waliokuja darasani, nilihesabu kwa Kiswahili. Ile geleng niliiweka. Haikuwa zamu yangu.

Siku ya arobaini tulifika Sherikat mmoja mmoja, vumbi la daraja la mto likiwa miguuni. Ua wa Mama Rejina ulijaa viti vya plastiki na wanawake wa bandarini. Achol alinikumbatia juu ya kichwa changu kama kawaida. Walikuwepo pia wasichana ambao sikuwajua, warefu, wadogo, wamevaa fulana za timu. Kumbe Mama Rejina aliendelea kufundisha mpaka mwisho. Nikamwuliza mmoja wao mazoezi yanafungwaje siku hizi. "Tunaweka mikono kwa mpira, tunanyamaza," akasema. "Ni sala." Nikamwuliza sala ya nini. Akainua mabega. "Mama alisema tunangoja mtu." Nilienda nyuma ya nyumba nikashika ukuta. Miaka yote hiyo! Watoto ambao walikuwa wananyonya wakati ule, wamekua, wamenyamaza, wamekwenda nyumbani kila jioni kwa ajili ya mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Nyamal alifika padri akiwa amekwishamaliza. Alishuka kwenye bodaboda, amenenepa, ana miwani, anamshika mkono binti yake. Yeye na Achol walisimama wakitazamana, na Achol alikuwa ameshika kopo. Nyamal akalipokea, akachovya kidole palepale. Akatikisa kichwa tu, na Achol akamvuta kifuani. Kisha mwenye nyumba, binti wa marehemu, akatoka ndani na gunia. Akatoa mpira. Akatoa beseni la kijani, limefifia hadi karibu jeupe, akaliweka chini uani, kwenye udongo. Hatukuambiana. Tukasimama duara, waliobaki wetu, na wale wasichana wakajaza nafasi za waliokufa na waliokwenda mbali. Beseni lilikuwa kati ya Achol na mimi.

Nyamal akaja, akainama, akaliokota. Akaingia pale. "Si saruji," akasema, akiwa hana uhakika. "Mama iko hapa," Achol akamjibu kwa Kiswahili cha Mama Rejina, na sote tukacheka na kulia. Nyamal akaweka mkono juu ya mpira. Wale wasichana wakafumba macho, wakajiandaa kunyamaza. "Kel," akasema, si kwa sauti kubwa, na mmoja wa wale wadogo akashtuka akafumbua macho. Achol ndiye aliyeitikia wa kwanza, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. Reu. Diok. Ng'uan. Dhiec. Wanawake wa bandarini wakapiga vigelegele bila kujua kwa nini.

Tulibaki hivyo, hakuna aliyetaka kuondoa mkono. Halafu Achol akanitazama kutoka kule juu kwake, macho mekundu. "Haya, mtafiti," akasema. "Zamu yako. Na usituletee Kiswahili." Nilivuta pumzi. Mkono wangu ulinuka samaki.

"Geleng," nikasema.